Pumzi za Mzee Mihayo

Toleo lililotangulia lile lililoleta balaa nililitoa kwa sababu ya nukta. Naapa. Nukta moja, ndani ya sentensi ya maelezo ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisoma, si Mwezini wala Duniani. Nikaifuta, nikaandika "Pengo, toleo jipya," kisha nikaketi sawasawa, nikachana nywele (kwa ajili ya redio, eti), nikaanza kupigia watu.

Ndiyo sheria ya Ghala. Ghala ndiko vinakokaa vifurushi vyote vya hesabu vinavyouendesha Mwezi. Na nikisema kifurushi usifikirie cha dakika na intaneti alichokuwa akinunua bibi yako. Hiki ni kama mkoba wa fundi: ndani yake mna mbinu za kupima, kukadiria na kujumlisha, na fundi mwingine akitaka kazi hiyohiyo hatengenezi upya, anaazima mkoba wako na kujengea juu yake. Mwingine anajengea juu ya huyo. Mwisho wa siku mtu asiyekujua analala akiwa na hewa chumbani kwa sababu wewe ulijumlisha vizuri.

Sasa, ukitunza kifurushi ambacho wenzako wanakitegemea, huruhusiwi kubadili hata herufi mpaka uwapigie wote kwa sauti, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake: "Nimesikia." Maandishi hayahesabiki. Zamani yalihesabika, watu wakawa hawayasomi, siku moja kipimo cha maji kikabadilishwa na bustani nzima ya mchicha ikaivia udongoni. Tangu hapo, sauti tu. Na laini ya sauti haifunguki ila kati ya watunzaji waliofungamana, tena pawe na toleo jipya au hitilafu ya kulalamikia.

Sasa umeanza kuelewa habari ya nukta.

Jina langu Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, elimu yangu kidato cha nne na ulimi mrefu. Natunza kifurushi kinachoitwa Pengo, katika kituo cha mtambo kilichojengwa juu ya ukingo wa kreta. Ni kituo cha mashine. Mtu ni nyongeza. Kwenye hesabu ya wakazi wa Mwezi mimi simo. Nimeandikwa upande wa vifaa, kati ya betri na ngazi.

Wengi wakipigiwa hawana maneno. "Nimesikia," wanakata. Mmoja wa bustani huwa anaguna kwanza. Sista Apaikunda, anayetunza kifurushi cha hospitali ya Mji wa Chini, siku ile ya nukta alisema, "Nimesikia. Na hiyo nukta ilikukosea nini?" Akakata kabla sijamjibu, na jibu lilikuwa zuri.

Wa mwisho huwa namwacha makusudi, kama mtu anayebakiza nyama ugali umalizike.

"Pengo anapiga," nikasema. "Shikamoo mtani."

"Marahaba, Mzaramo. Leo nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa."

"Mmeamkaje basi, bila ngoma ya mdundiko?"

"Tumeamshwa na harufu ya matobolwa. Nyie watu mmebeba mizigo ya wenzenu toka Tabora mpaka pwani, mmepanda mpaka Mwezini, na begi bado limejaa viazi vikavu?"

"Tungengoja nyie mtubebee, tungekuwa tumekaa Bagamoyo mpaka leo."

Huyo ndiye Nyamizi. Mnyamwezi wa Urambo, umri wa mama yangu mkubwa, na kwa kuwa makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, ana haki ya kunitukana nami nina haki ya kumrudishia. Yeye na mumewe, Mzee Mihayo, walikuwa wakiendesha Kituo cha Barafu, chini kabisa ya kreta hiihii ninayoikalia ukingo. Jua halijawahi kufika kule. Dirisha langu moja linatazama huko, na kwa kadiri ya dirisha hilo, ni kama kutazama ndani ya chungu cheusi. Hakuna taa inayoonekana. Kushuka kunataka gari, na vifaa havipewi gari.

"Mzee yuko wapi nimchokoze?"

"Yuko huko nyuma, kwenye barafu."

"Kila siku kwenye barafu! Mwambie Mzaramo anasema mzee ameogopa utani."

"Nitamwambia."

Tukaongea mpaka Ghala ikatukatia laini. Sikumbuki tuliongea nini, nadhani ni jinsi ya kukaanga maharage bila mafuta. Nilibaki natabasamu mbele ya ukuta, peke yangu, kama mwehu wa stendi.

*

Hitilafu iliyofuata ililetwa na Sista Apaikunda. Yeye hasalimii.

"Jaza yako imetaka kuniulia mtu," alisema.

Hapo nikuelezee, maana kila kitu kimesimama juu ya hiyo Jaza. Kila mkazi huku anavaa bangili inayotuma pumzi zake. Vumbi la Mwezi ni kali kama kioo kilichosagwa, linakula bangili, zinanyamaza ovyo. Bangili ikinyamaza, hesabu ina pengo, na hesabu yenye pengo haijumlishiki. Ndipo inapoitwa mbinu iliyomo ndani ya kifurushi changu, Jaza. Jaza inachukua pumzi za mwisho ilizozijua na kuziweka kwenye kila pengo linalofuata. Aliyeitunga ni marehemu aliyenitangulia kazini, na kwa wakati ule ilikuwa akili kubwa: bangili ilinyamaza dakika mbili, ikajazwa dakika mbili, mtu akaifuta vumbi, maisha yakaendelea.

Ila marehemu hakuweka kikomo. Ukinyamaza dakika mbili Jaza inakupumulia. Ukinyamaza mwaka, inakupumulia.

"Mgonjwa wa mapafu," Sista akasema. "Bangili imekufa. Pumzi zake zimeshuka, mashine ya dawa ya usingizi haikujua, kwa sababu kwenye hesabu alikuwa anapumua kama jana yake. Ikaendelea kumpa. Mfagiaji ndiye aliyeona midomo imekuwa ya buluu akapiga kelele."

"Yu hai?"

"Yu hai kwa sababu ya mtu wa fagio. Nina wodi nzima kwenye mashine hizo, Pazi. Nimezima zote, nauguza kwa macho na vidole, na nina wauguzi wanne ambao hawajalala. Bangili ikinyamaza zaidi ya saa moja, nataka Jaza iniambie *haijulikani*. Isinipigie porojo."

Alikuwa ameliita jina langu. Sikujua kama analijua.

"Naweza kukuwekea swichi," nikasema. "Wewe unaiwasha kwako, wengine wanabaki na ya zamani."

"Mimi siiti Jaza."

"Unaiita."

"Mimi naita Mapigo. Mapigo wanaita Wastani. Wastani ndio wanaokuita wewe. Hiyo swichi yako itapita kuta mbili kwa miguu ya nani?"

Alikuwa sahihi, na inauma nesi akiwa sahihi kwenye kazi yako. Kifurushi kikikutegemea kwa jema lako moja, kinayategemea na makosa yako yote, na wanaokitegemea hicho wanayategemea bila hata kukujua jina. Swichi isingemfikia. Ilibidi mwenendo wa kawaida wa Jaza ubadilike, kwa wote.

"Nipe mpaka zamu yako iishe," nikamwambia.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa mistari mitatu. Kazi iko kwenye majaribio: kabla ya kutoa toleo unachukua vifurushi vyote vinavyokutegemea, unaviendesha kwa hesabu zao halisi juu ya Jaza mpya, uone nani anaanguka. Bustani, sawa. Maji, sawa. Wastani, sawa, na juu yake Mapigo, na juu yake hospitali. Nikamwona mgonjwa wa Sista kwenye skrini akibadilika kutoka namba nzuri ya uongo kuwa *haijulikani*, na mashine ya dawa ikijizima yenyewe. Nikapiga makofi. Makofi ya mtu mmoja huku yanasikika vibaya, nikayaacha.

Kikaanguka kimoja. Joto, kifurushi cha Nyamizi, kinachohesabu watu wa Kituo cha Barafu ili Ghala iwapelekee umeme wa kupasha nyumba.

*Joto: wakazi wanaojulikana, 1. Walitarajiwa, 2.*

Nikadhani nimekosea mstari. Nikafungua pumzi za Mzee Mihayo, nikazirudisha nyuma.

Pumzi za mtu hai ni kama njia ya ng'ombe, hazinyooki hata siku moja. Mtu anapanda ngazi, anacheka, anakohoa, anaota. Za Mzee Mihayo zilikuwa zimenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Jana, juzi, mwezi jana. Hakuna kikohozi. Nikarudi, nikarudi, hadi miezi saba nyuma, na pale ndipo nilipoona pumzi za kweli kwa mara ya mwisho: zimeharakisha kidogo, zikapungua, zikanyamaza. Kuanzia hapo anayepumua si yeye. Ni sisi, mimi na marehemu aliyenitangulia.

Nilizihesabu kichwani nukta zote nilizofuta ndani ya miezi saba, na kila nilipofuta nilimwambia mjane, "Mwambie mzee ameogopa."

Na nilielewa kwa nini amenyamaza. Mwezini kuna Kanuni ya Wawili: kituo chenye mkazi mmoja kinafungwa, kwa sababu zamani watu walikuwa wakifa peke yao na kugundulika mwaka mwingine. Kinafungwa kabisa, umeme unakatwa, njia haisafishwi tena. Nyamizi angepelekwa Mji wa Chini, kwenye mabweni, na Mzee Mihayo angebaki kule gizani bila mtu hata wa kupita karibu.

Nikafungua ujumbe kwenda kwa Sista Apaikunda. Nikaandika: "Haiwezekani. Vifurushi vingi vitaanguka." Uongo mfupi wenye sura ya kitaalamu, hakuna ambaye angekagua. Wodi ingeendelea kuuguzwa kwa vidole. Wauguzi wanne wangelala siku moja, kwa namna fulani. Nyamizi angebaki na kaburi lake, nami ningebaki na wa kunitukana.

Nikauacha pale kwenye skrini bila kuutuma, nikaenda kuchemsha chai. Chai ikachemka, ikapungua, ikakauka. Nilikuwa nimesimama dirishani natazama ndani ya chungu.

Ule ujumbe nikaufuta. Sina cha kujisifu. Nilifikiria tu huyo mfagiaji, kwamba kesho anaweza kuwa anafagia chumba kingine.

*

Hawa wengine safari hii sikuwapigia kwanza. Nilianza na nyama.

"Pengo anapiga. Shikamoo mtani."

"Marahaba. Leo umefuta nini, mkato?"

Nilikuwa nimeandaa utani, mzuri tu, wa Mnyamwezi na lifti. Nikauacha.

"Leo ni toleo la kweli," nikasema. "Jaza haitajaza tena moja kwa moja. Bangili ikinyamaza zaidi ya saa moja, itasema haijulikani. Kuna mtu nusura afe hospitalini."

Nilisikia kiti kikivutwa kule chini. Akakaa.

"Umefanya majaribio."

"Nimefanya."

"Na Joto limeanguka."

"Limeanguka, mtani."

"Basi umeshamwona."

"Nimemwona. Mama, pole. Pole sana. Sikujua, nimekuwa nikisema maneno—"

"Usiniite mama. Niite hivyohivyo ulivyozoea." Akavuta pumzi. "Alikuwa anavua buti. Moja ilitoka, nyingine ikamshinda, akasema subiri nipumzike. Nikaenda kumletea maji. Ndiyo hivyo."

"Ulimzika peke yako?"

"Nani mwingine? Nimemlaza nyuma ya mtambo, kwenye barafu ya zamani, ile tusiyochimba. Kila ulipouliza yuko wapi sikukudanganya."

Hakunidanganya, kweli.

"Unajua kwa nini sijalia, Mzaramo?"

"Kwa nini?"

"Unamlilia vipi mtu anayepumua? Kila nikiamka nafungua skrini namwona. Anapumua vizuri kuliko alivyokuwa hai, hata kukoroma kaacha. Nikitaka kulia nasema, nikilia huyu atakufa, watanihamisha. Nikitaka kucheka nasema, mume wangu kafariki nacheka nini. Nimekaa katikati miezi yote hii, kama mlango."

Nikakimbilia kazi.

"Kuna njia," nikamwambia. "Jaza ni jina la pamoja. Ni kama salamu: mtu anapiga hodi, lakini kila nyumba inaitikia kwa lugha yake. Kifurushi chochote kina ruhusa ya kuleta itikio lake chini ya jina hilohilo. Wewe andika Jaza ya Joto, kwa wakazi wa kituo chako tu. Ifanye kama ile ya zamani. Hospitali itapata ya kwangu, nyie mtabaki na yenu."

"Na sitakutegemea tena."

Nilitumaini hatalitaja. "Hapana. Ukiwa na yako, fungamano letu linakufa. Laini pia."

"Halafu utamfutia nani nukta?"

"Nitampigia Sista Apaikunda. Ana mapenzi mengi, tatizo anayaficha."

Akacheka, cheko fupi lililotokea puani. Kisha nikaanza kusikia vidole vyake. Nyamizi anaandika msimbo kama mtu anayetwanga; unasikia kila pigo. Nikamtajia mistari, akaiandika, akanisahihisha mmoja ambao nilikuwa nimeuchanganya. Akafika mwisho, vidole vikasimama.

"Hapa panataka jina la mwandishi."

"Ndiyo. Kila mbinu lazima iwe na mwenyewe. Ikiulizwa siku moja kwa nini inasema Mihayo anapumua, mwenyewe ajibu."

"Ile ya zamani ilikuwa na jina la nani?"

"La marehemu. Alipofariki, langu."

"Kwa hiyo muda wote huu mwongo ni wewe."

"Ndiye mimi, mtani."

"Nilijua tu. Mzaramo hakosekani."

Tulicheka wote wawili, vibaya, cheko la watu waliosahau namna ya kulizima. Lilipokwisha nikasikia anapumua tu. Pumzi za mtu hai, hizo zisizonyooka.

"Sikiliza," akasema. "Ilipokuwa ya kwako nilikuwa napitia tu mle ndani. Nilikuta mlango wazi nikapita. Hii nikiweka jina langu, mimi Nyamizi binti Kasanda, ni kwamba nimemshika mume wangu nampulizia hewa kila dakika na kusema tazameni, mzima. Nitaiweka hiyo kwenye Ghala, watu waisome mpaka nife."

"Hakuna anayeisoma, mtani. Hata nukta zangu—"

"Mihayo ataisoma."

Nikaacha kubishana.

"Kwenu mtu akifa, mtani wake anafanya nini?" akaniuliza, kana kwamba hajui.

"Anauvuruga msiba. Analala kaburini, anazuia jeneza. Anamwigiza marehemu anavyotembea. Watu wakiangua kilio anawachekesha, wakicheka sana anawakumbusha."

"Mihayo amelala miezi saba," akasema Nyamizi, "na hakuna mtani hata mmoja aliyemcheka."

Vidole vikapiga pigo moja.

"Nimefuta," akasema. "Njoo unizikie."

*

Kuna laini ya pamoja. Imewekwa kwa ajili ya dharura, moto au kimondo, inawafungulia watunzaji wote wanaotegemea kifurushi chako kwa mara moja. Sikuwahi kuigusa. Nikaigusa.

Zikaingia sauti thelathini na kitu, moja juu ya nyingine. Nini? Kuna nini? Nani anapiga? Sista Apaikunda akasema, "Pazi, kama ni nukta, nitapanda huko kwa miguu."

"Watunzaji, Pengo anapiga," nikasema. "Nina toleo jipya. Bangili ikinyamaza zaidi ya saa moja, Jaza itasema haijulikani. Kuna wagonjwa wanalingoja. Lakini kabla ya toleo kuna msiba, na mimi ni mtani wa marehemu, kwa hiyo msikate na msinikatize."

Kimya kikaingia. Kimya cha watu wengi kina uzito tofauti na cha mtu mmoja, nilikuwa nimekisahau.

Nikasimama. Kwa nini nilisimama sijui, hakuna aliyeniona. Nikapaza sauti kama niko uwanjani kwetu Kisarawe, mbele ya turubai.

"Huyu hazikwi! Nimesema hazikwi, sogeeni! Mihayo wa Urambo, Mnyamwezi mzima, babu zake wamekufa na pembe za ndovu vichwani, yeye kashindwa na buti! Buti moja! Kisha kajilaza kwenye barafu miezi saba kama samaki changu wa soko la Feri, mkewe anachimba, anapika, anafagia, na yeye kwenye hesabu anajiandikisha yupo, anapumua, anapashwa joto! Uvivu huo si wa kwenu, Mihayo! Huo ni wa Uzaramoni, umetuibia, turudishie!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Nadhani ni yule wa bustani.

"Nalala humu kaburini mimi," nikaendelea, na kweli nikajikuta nimelala sakafuni, chuma baridi mgongoni. "Sitoki. Hafukiwi mtu mpaka mfiwa aniambie alikuwa mtu gani huyu. Mfiwa! Alikuwa mtu gani?"

Nilidhani hatajibu.

"Alikuwa anakoroma," akasema Nyamizi.

"Hilo kosa la kwanza!"

"Alikuwa anapika ugali mbichi, ukimwambia anasema ndivyo unavyoliwa Urambo. Mimi natoka Urambo. Hauliwi hivyo."

"Mwongo pia! Endelea!"

"Alikuwa anaongea na mtambo. Anauita dada. Ukigoma anaubembeleza, mimi nikigoma ananiambia nenda kalale." Sauti ikaanza kukatika. "Alikuwa kila tukimaliza zamu ananishika hapa, kwenye kiwiko, anasema, mwenzangu, bado tupo? Nami nasema tupo. Kila siku. Tupo."

Kisha akalia. Siwezi kukieleza kilio kile na sitajaribu. Kilitoka chini ya kreta kikapanda kwenye redio kikajaa kituo changu kizima, na mimi niko sakafuni, mtani wa msiba, kazi yangu kuchekesha, machozi yananiingia masikioni.

Kilipopungua, Sista Apaikunda ndiye aliyeanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, sikuijua.

"Hospitali. Nimesikia. Pole, dada yangu."

"Bustani ya Mashariki. Nimesikia. Pole, mama."

"Wastani. Nimesikia."

"Maji. Nimesikia. Poleni kituoni."

Wakafuatana hivyo, mmoja mmoja, watu niliowapigia mwaka mzima bila kujua wana sauti. Mmoja alisema aliwahi kusafiri na Mihayo kwenye chombo, alimgawia blanketi. Mwingine alitaja tu jina la kituo chake na kunyamaza, ikahesabika. Kila aliyesema alitoka. Nikabaki na mmoja.

Bila neno lake toleo halitoki. Kompyuta ikaniwekea mstari mtupu mbele ya jina la Joto, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliutazama mstari mtupu bila kutaka kuweka kitu. Nikangoja. Aliyafuta machozi, akapenga, akanywa kitu. Hakuharakishwa na mtu.

"Wakija kunichukua nitawaonyesha alipo," akasema. "Waweke alama. Hata kama hapafiki mtu."

"Nitawaambia na mimi. Nitawasumbua mpaka waweke."

"Kusumbua unaweza." Kiti kikalia. "Mji wa Chini wana kazi gani kwa mtu kama mimi?"

"Wana kifurushi cha kuhesabu mablanketi. Kimeandikwa vibaya, kinataka mtu mkali."

"Kinakutegemea wewe?"

Nilikitazama. Nilitamani sana kumjibu vingine. "Hapana, mtani. Hakitegemei mtu."

"Aha." Akapenga tena. "Haya. Joto. Nimesikia. Achia, wagonjwa wanangoja."

Nikaachia. Kwenye skrini Jaza mpya ikashuka kutoka kifurushi hadi kifurushi, Wastani, Mapigo, hospitali, na huko wodini, naamini, mashine zikawashwa na nesi mmoja akaketi. Kwenye Kituo cha Barafu namba ikabadilika. Mzee Mihayo akaacha kupumua.

"Wewe Mzaramo," Nyamizi akasema upesi, maana alijua Ghala itasimamisha Joto na fungamano lote wakati wowote, "msiba umeulilia kuliko mfiwa. Mtani gani wewe? Kwetu mtani wa hivyo tungemfukuza, tungemnyima hata—"

Laini ikafa.

Mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kumpa.